Springi ya kitasa cha mlango: namna ya kuibadilisha kwenye gari la zamani

Land Rover ya zamani inayofungwa mlango kwa kubamizwa mara tatu, au Peugeot 504 ambayo mlango wa abiria umeshikiliwa kwa kamba ya mpira, mara nyingi ina ugonjwa mmoja: springi ya waya usiozidi milimita mbili imechoka au imekatika ndani ya kitasa. Kwa kuwa springi hiyo haiuzwi peke yake madukani, njia za mkato ni nyingi. Wengine hugonga pini ya nguzo, ile ambayo kitasa huishika, ikae upande, wengine hubandika mpira mnene kuzunguka mlango, wengine hung'oa kitasa kizima na kufunga cha gari jingine. Njia zote hizo zinaacha mlango ambao siku moja utafunguka gari likiwa kwenye mwendo. Springi yenyewe inabadilishika kwa nusu siku ya kazi, na ikikosekana inasokotwa upya, mradi uipime ya zamani vizuri kabla hujaitupa.

Maelezo haya yanahusu hasa vitasa vya magari ya miaka ya 1960 hadi 1980 hivi, ambavyo ndani vina vipande viwili vikuu. Cha kwanza tutakiita ukucha: ndicho kinachozunguka na kuikumbatia pini iliyo kwenye nguzo ya mlango. Cha pili ni ngoe, kipande kidogo kinachoangukia kwenye meno ya ukucha na kuuzuia usirudi. Kila kimoja kina springi yake. Springi ya ukucha kazi yake ni kuufungua ukucha pale unapovuta kishikio. Springi ya ngoe kazi yake ni kuikandamiza ngoe ishike. Kishikio cha nje nacho kina springi yake ya tatu, isiyohusiana na hizo mbili. Kama kitasa chako ni cha ulimi unaoingia na kutoka, kama cha mlango wa nyumba, kazi ni ileile, ila springi yake huwa ya kusukumwa. Hiyo unapima urefu wake ikiwa huru badala ya pembe za miguu.

Kwanza hakikisha ni springi

Usifungue chochote kabla ya jaribio hili. Acha mlango wazi. Chukua bisibisi, uuzungushe ukucha kwa ncha yake kana kwamba pini inaingia. Usikie mlio mara mbili: wa kwanza ni kituo cha tahadhari, wa pili ndio kufunga kamili. Sasa vuta kishikio cha nje, na ukucha urudi wenyewe kwa kishindo, bila kusaidiwa.

Ukucha ukikataa kukaa, ukawa unarudi mara tu unapoondoa bisibisi, springi ya ngoe imechoka au imekatika. Ukucha ukishika vizuri lakini ukivuta kishikio unabaki umelala au unarudi nusu, tatizo ni springi ya ukucha. Hapo ndipo mlango hugoma kufungwa, kwa sababu pini inakuta mlango wa kuingilia umekwisha kuzibwa. Kishikio kikining'inia tu huku kitasa kikifanya kazi sawasawa kwa kishikio cha ndani, hiyo ni springi ya kishikio, na kitasa hakina haja ya kuguswa.

Kabla ya kukubali jibu, safisha na ujaribu tena. Vumbi la huku kwetu chini ya Meru na Kilimanjaro ni laini sana, linatokana na majivu ya volkano, na likichanganyika na grisi ya zamani linakuwa msasa mzito unaoikaba springi nzima. Nyunyizia mafuta ya taa kupitia tundu la ukucha, cheza nao kwa bisibisi mara ishirini hivi, futa, rudia hadi mafuta yatoke meupe. Vitasa vingi vilivyohukumiwa kuwa vibovu hupona hapo.

Halafu angalia bawaba. Shika mlango kwenye ncha yake ya chini ukiwa wazi nusu, unyanyue. Ukicheza juu na chini, pini za bawaba zimelika. Tazama pia mlango unapofungwa polepole: ukinyanyuka au kushuka zaidi ya milimita mbili au tatu pale ukucha unapoikuta pini, bawaba ndizo zinazokiumiza kitasa, na springi mpya itaharibika kwa sababu ileile. Tengeneza bawaba kwanza.

Jambo la mwisho la kuchunguza ni mpira wa mlango. Mipira ya sponji inayouzwa kwa mita mara nyingi ni minene kuliko ya asili. Mlango unasukumwa nje, ukucha unaishia kwenye kituo cha kwanza, na mwenye gari anailaumu springi. Toa kipande cha mpira karibu na kitasa, funga mlango. Ukifunga vizuri, jibu unalo.

Vifaa

Bisibisi nzuri za bapa na za nyota, bisibisi ya kugonga kwa nyundo, koleo ya mdomo mrefu, jiliwa, tupa ndogo, dreli na keekee za milimita 3 hadi 6, venia ya kupimia, miwani ya kukinga macho, glavu, mafuta ya kulegeza kutu, mafuta ya taa, brashi ya waya, grisi ya lithiamu, na mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani.

Zingatia vipimo vya gari lako. Land Rover za Series zina nati za inchi, na kwenye vipande vidogo utakuta hata skrubu za 2BA, kipimo cha zamani cha Kiingereza, ambazo zinafanana kwa macho na M5 ya milimita tano lakini hazikubaliani nayo. Ukilazimisha, uzi unakufa. Volkswagen, Peugeot na Datsun ni milimita. Kwenye Datsun na Toyota za zamani, skrubu zinazoonekana za nyota kichwani zina mchoro wa Kijapani wenye kina tofauti kidogo. Bisibisi ya kawaida ya nyota hupanda na kuzila. Isage ncha ya bisibisi kidogo sana ili izame hadi chini, au utafute inayostahili.

Kufika kwenye kitasa

Pandisha kioo hadi juu kabisa, maana kikiwa chini kinajaza nafasi unayohitaji kuingiza mkono. Toa mkono wa kupandishia kioo na kishikio cha ndani. Baadhi hushikwa na skrubu iliyofichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Ukikosa skrubu, kuna klipu ya waya nyuma yake: pitisha ukanda wa kitambaa kati ya mkono na kava, uuvute huku na huku kama unayeng'arisha kiatu, na klipu itachomoka. Weka mkono mwingine uidake.

Kava la mlango kwenye magari haya ni ubao mwembamba uliolowa na kukauka misimu mingi ya masika, kwa hiyo huvunjika ovyo. Tumia kifaa bapa, ukiingize karibu kabisa na kila klipu, si katikati ya klipu mbili. Nyuma yake kuna nailoni. Ibandue taratibu na uitunze, au ukate mpya ya ukubwa uleule. Nailoni hiyo ndiyo inayozuia maji yanayoteremka kwenye kioo yasiulowanishe ubao. Land Rover nyingi hazina kava la maana, na hapo kazi inakuwa nyepesi zaidi.

Piga picha za fimbo zote zinazoingia kwenye kitasa kabla hujagusa hata moja: ipi iko juu, ipi imepita nyuma ya nyingine, klipu imeelekea wapi. Kisha fungua klipu za fimbo. Za plastiki zilizokauka zitavunjika. Tafuta nyingine, usifunge kwa waya wa bendi.

Sasa skrubu za ukingo wa mlango, kwa kawaida tatu au nne. Hizi ndizo zinazowatesa watu. Zipake mafuta ya kulegeza kutu jioni, zilale. Asubuhi gonga kichwa cha kila skrubu kwa nyundo na bisibisi iliyosimama wima, kisha tumia bisibisi ya kugonga. Kwenye Land Rover ngozi ya mlango ni aloi ya alumini na fremu ni chuma. Metali hizo mbili zikikutana na unyevu hulana, na skrubu huganda kwa unga mweupe. Hapo subira inasaidia kuliko nguvu, kwa sababu alumini inapinda kirahisi. Skrubu ikigoma kabisa, toboa kichwa chake kwa keekee, kitasa kikitoka utalishika shina lake kwa koleo.

Kabla ya kutoa skrubu ya mwisho, mkono mmoja uwe ndani umekishika kitasa. Vaa glavu, bati la ndani linakata.

Juu ya meza

Osha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, piga picha pande zote mbili. Angalia springi imeegemea wapi kila mguu. Sasa, ukiwa umevaa miwani, ingiza kitasa na mikono yako ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuuchomoa mguu wa springi. Ikiruka itabaki mfukoni, na jicho lako litabaki salama.

Kwenye vitasa vingi springi ya ngoe inafikika kutoka nje. Ya ukucha mara nyingi imekaa katikati ya mabati mawili yaliyopigwa riveti. Kama riveti ni za kuunganisha mabati tu, toboa kichwa kwa keekee kubwa kidogo kuliko shina, uache shina lenyewe, na wakati wa kufunga weka riveti mpya ya chuma au bolti yenye nati isiyolegea. Lakini riveti ambayo ukucha au ngoe inazungukia ni kitu kingine. Ndiyo inayobeba mzigo wote mlango unapovutwa. Usiweke bolti ya kawaida ambayo uzi wake unapita ndani ya tundu; itakula tundu na kulegea. Mpelekee fundi mchongaji, mtaa wa Unga Limited, Arusha, au kwenye karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, akuchongee pini ya chuma yenye bega, ya kipimo cha tundu, kisha ipigwe kichwa. Na kama tundu lenyewe limekuwa la yai, au meno ya ukucha yamekuwa mviringo pale ngoe inaposhika, acha. Springi haitaokoa kitasa hicho. Tafuta kingine cha gari la aina yako.

Kupima

Andika vitu sita: unene wa waya, kipenyo cha nje cha mzunguko, idadi ya mizunguko, upande inaosokotwa, urefu wa kila mguu, na pembe kati ya miguu springi ikiwa huru. Springi iliyokatika, kwa kawaida pale mguu unapoachana na mzunguko, bado inatoa vipimo vyote ukiunganisha vipande juu ya karatasi. Iliyochoka inakudanganya kwenye pembe tu, kwa sababu imelegea. Pembe sahihi ichukue kwenye kitasa cha mlango wa upande wa pili. Kumbuka kwamba springi ya upande wa pili imesokotwa kinyume: unainakili kama kwenye kioo, huihamishi.

Unene wa waya ndiyo namba isiyosamehe. Nguvu ya springi ya namna hii hukua kwa unene uliozidishwa wenyewe mara nne. Kutoka waya wa milimita 1.5 kwenda 1.6, nguvu inapanda karibu asilimia 29. Kutoka 1.5 kwenda 1.8, inakuwa zaidi ya mara mbili. Mizunguko nayo ina uzito wake: kupunguza kutoka minne hadi mitatu kunaongeza nguvu kwa theluthi. Ndiyo maana kauli ya "weka nene zaidi idumu" ni mbaya. Springi ya ngoe yenye nguvu mara mbili itakulazimisha uvute kishikio kwa nguvu, na vishikio vya enzi hizo vimemiminwa kwa aloi ya zinki iliyopakwa kromu. Vinavunjika shingoni, na kishikio kinasumbua kukipata kuliko springi.

Kuipata au kuisokota

Anza na skrepa na wauza spea za mtumba, ukiwa na springi ya zamani na venia mkononi. Usiulize jina la gari, tafuta kipimo. Springi za pedali ya breki za pikipiki na za mitego mikubwa ya panya zimewahi kufaa kwa ngoe baada ya kukunjwa miguu upya, kama unene unalingana.

Ukisokota mwenyewe, tumia waya wa springi, ule ambao ukiukunja kidogo unarudi ulivyokuwa. Waya wa misumari na waya wa bendi haufai. Spoki ya baiskeli inaonekana ngumu, lakini hulegea baada ya muda mfupi.

Tafuta chuma cha mviringo cha kusokotea chenye kipenyo pungufu kwa asilimia 10 hadi 15 ya kipenyo cha ndani unachotaka, kwa sababu waya ukiachiwa hupanuka. Ukitaka ndani iwe milimita 10, anza na chuma cha 8.5 au 9, sokota mzunguko mmoja wa majaribio, pima, badilisha chuma kama hakijalingana. Toboa chuma tundu la kuingiza ncha ya waya, kibane kwenye jiliwa, sokota kwa mvuto usiobadilika, na uache kila mguu mrefu kuliko unavyohitaji. Nguvu ya kazi lazima iikaze mizunguko, isiifungue. Mizunguko ikikazwa kipenyo hupungua, kwa hiyo acha nafasi ili springi isiibane pini inapofika mwisho wa safari yake.

Kunja miguu kwa mviringo, si kwa kona kali; nusu kipenyo ya kona isipungue unene wa waya. Koleo yenye meno huacha alama, na kila alama ni mahali pa kukatikia. Vika kitambaa au tumia koleo laini.

Kisha springi ipate joto. Iweke kwenye oveni ya nyumbani nyuzijoto 230 hadi 250 kwa nusu saa, ipoe yenyewe. Itageuka rangi ya majani makavu au kahawia hafifu. Hatua hii inatuliza waya uliosokotwa baridi. Ukiiruka, springi italegea mapema. Miguu husogea pembe kidogo kwenye joto, basi irekebishe baadaye. Jiko la mkaa usilikaribie: springi ikiiva hadi nyekundu imekwisha.

Mambo matatu mengine yanayoua springi mpya: kuichomelea, kuiloweka kwenye maji ya betri au siki ili itoke kutu, na kuipeleka ikapakwe kromu. Asidi na upakaji wa umeme huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na springi inakatika ghafla bila dalili. Kinga yake ni grisi tu.

Kufunga na kurekebisha

Paka grisi nyembamba kwenye pini, meno ya ukucha na miguu ya springi. Kiasi cha punje moja ya maharage kinatosha kitasa kizima. Oili chafu ya injini usiitumie, na kwenye tundu la ufunguo weka unga wa grafiti badala ya grisi. Cheza na kitasa mara hamsini mkononi. Milio miwili, ukucha urudi kwa kishindo kila mara.

Rudisha kitasa, skrubu zote zianze kwa vidole kabla ya kukaza yoyote. Unganisha fimbo. Hapa kuna kosa linaloharibu kazi nzuri: fimbo ikiwa imekazwa mno, inaivuta ngoe kidogo muda wote, na ngoe haishuki hadi mwisho wa jino. Mlango unaonekana umefungwa, halafu kwenye rasta za barabara ya vumbi unaachia. Kishikio lazima kiwe na mchezo wa milimita 1 hadi 2 kabla ya kuigusa ngoe.

Usifunge mlango bado. Zungusha ukucha kwa bisibisi hadi kituo cha pili, ufungue kwa kishikio cha nje. Rudia kwa cha ndani, kwa ufunguo, kwa kitufe cha kufungia. Kitasa kikikwama mlango ukiwa wazi unakifungua kwa dakika kumi. Kikikwama mlango umefungwa, unaweza kulazimika kukata bati. Hata baada ya majaribio yote, mara ya kwanza ufunge mlango kioo kikiwa chini na kava halijarudi, ili mkono wako upite dirishani na kufika ndani.

Pini ya nguzo irekebishe mwisho, baada ya mengine yote. Chora mstari kuizunguka kwa msumari mkali, kisha isogeze nusu milimita kwa wakati. Ikiingia ndani mno mlango utahitaji kubamizwa tena. Ikitoka nje mno mlango utapiga kelele na kupitisha vumbi. Funga kipande cha karatasi kati ya mpira na fremu, ukivute: kiwe na ugumu unaolingana juu, kati na chini.

Rudisha nailoni, kisha kava. Kabla ya kava, zibua matundu ya chini ya mlango kwa waya, maana maji yakituama humo kutu itapanda hadi kwenye kitasa. Baada ya wiki mbili za barabarani, kaza tena skrubu za ukingo wa mlango na za pini. Zile za Land Rover karibu kila mara zitakubali robo mzunguko zaidi.